Programu ya Kutuma Barua za Kanisa kwa Bei ya Punguzo Marekani: Mnunue Ipi Kwanza?

Makanisa yetu ya Kiswahili hapa Marekani, ya Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, hutangaziana mengi kwa WhatsApp. Hata hivyo barua ya bahasha bado ina kazi yake. Wapo wazee wasiotumia simu janja, wapo wafadhili waliotushika mkono tangu mwanzo, na zipo familia zilizohamia jimbo jingine zikajitoa kwenye kundi. Tatizo ni gharama. Stempu ya kawaida ilifika senti 78 mwezi Julai 2025, na kwa bei hiyo barua 600 za harambee ni dola 468 za stempu peke yake. Shirika la posta la Marekani, USPS, lina bei ya mashirika yasiyo ya faida, na kwa barua ya kawaida bei hiyo huwa chini ya nusu ya stempu hiyo.

Makatibu wengi wa makanisa wakishasikia habari hiyo huuliza mara moja wanunue programu gani. Ushauri wangu ni huu: lipieni usafi wa orodha ya anwani kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Nimepanga machaguo hapa chini kwa kipimo hicho.

Kabla ya kutoa hela, hakikisheni mna ruhusa. Barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayosema kanisa ni 501(c)(3), yaani shirika lisilo la faida, haitoshi. Posta ina ruhusa yake, inayoombwa kwa Fomu 3624, na kuiomba hakuna ada. Kibali cha kutumia chapa ya malipo badala ya stempu huombwa kwa Fomu 3615, nacho kina ada. Ipo pia ada ya kila mwaka ya kutuma kwa mkupuo. Makanisa yanayopanga ukumbi kwa kanisa la Kimarekani yasikilize kwa makini: kibali cha mwenye jengo si chenu, hata akiwaruhusu kwa moyo mweupe. Barua yenu lazima itoke kwa ruhusa ya kanisa lenu, na jina la kanisa hilo lionekane juu yake. Kila mkupuo usipungue barua 200, au ratili 50 za uzito.

Nafasi ya kwanza: huduma ya mtandaoni ya kulipia kila faili

Hili ndilo chaguo langu kwa kanisa linalotuma mara mbili hadi sita kwa mwaka. Mnapakia faili ya Excel, huduma inasahihisha anwani kwa kipimo cha posta kiitwacho CASS, kisha inalinganisha majina na rejista ya waliohama, NCOA. Kampuni kama Melissa na TrueNCOA huuza usafishaji wa aina hii. Baadhi ya watoa huduma huendelea hadi kupanga barua kwa zip kodi na kuwapa lebo za trei za kupelekea barua posta, lakini wengine huishia kwenye usafi tu. Ulizeni mapema mnachokipata.

Tangu Novemba 2008 posta inataka anwani za barua za punguzo ziwe zimehakikiwa ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Ndiyo maana kulipia faili kunafaa kanisa dogo: orodha iliyosafishwa tarehe 1 Septemba inatumika hadi 5 Desemba. Mkipanga vizuri, malipo ya mara moja yanabeba barua ya mkutano wa Oktoba, ya shukrani ya Novemba na hata ya Krismasi ikitoka mapema. Faili inatakiwa iwe na majina na anwani 100 au zaidi, na kanisa litatia saini fomu ya kukiri matumizi kila mwaka.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatawaambia, kwa sababu wateja wake wengi halijawahi kuwagusa. Rejista ya waliohama hulinganisha majina pamoja na anwani. Familia ikijaza fomu moja ya kuhama, fomu hiyo huwahusu wenye jina la ukoo linalofanana. Sasa chukua nyumba ya Wakongo: baba ni Ilunga, mama ni Kalala, kijana ni Mwamba. Baba akijaza fomu ya familia, aliyehama machoni pa posta ni Ilunga. Kama orodha yenu imemwandika mama, mfumo utaona Kalala bado yuko pale pale, na barua itakwenda nyumba ya zamani. Dawa yake ni kuandika kila mtu mzima kwenye mstari wake, kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chake cha Marekani, wakati wa kusafisha. Mkishapata majibu ndipo muunganishe kaya ibaki bahasha moja.

La pili ni namba ya apatimenti. Ripoti ya CASS ikisema jengo lipo lakini namba ya chumba haipo, msiipuuze. Barua ya punguzo isiyofika hairudishwi isipokuwa mmeweka maelekezo ya kurudishiwa, na kurudishiwa kunalipiwa; bila hayo hutupwa, nanyi mtabaki mkidhani mama fulani ameipata. Mpeni shemasi mmoja orodha ya mistari iliyokosa namba, apige simu Jumamosi. Kazi hiyo haina programu inayoiweza.

Nafasi ya pili: mchapaji anayetuma mwenyewe

Kama hakuna kijana wa kukaa na faili, mpeni kazi mchapaji wa mtaani mwenye idara ya posta. Anachapa, anapanga, anapeleka. Mwambieni kwa maandishi kwamba barua iende kwa ruhusa yenu ya shirika lisilo la faida, na mdai nakala ya faili iliyosafishwa pamoja na Fomu 3602-N, yaani taarifa ya malipo ya posta, iliyopokelewa na posta. Wapo wanaobaki na anwani mpya kwao, nanyi mwaka ujao mnasafisha upya kutoka sifuri.

Nafasi ya tatu: programu ya kuweka kwenye kompyuta

Hapa wamo AccuZIP6 na Bulk Mailer ya BCC Software. Ni zana kamili: zinasahihisha, zinapanga, zinachapa msimbopau, zinatoa lebo za trei na fomu za posta. Nimeziweka ya tatu kwa sababu ya ada. Data ya anwani ndani yake ina tarehe ya kuisha, kwa hiyo mnalipia mwaka hadi mwaka, mtume msitume. Kwa sababu hiyo hiyo msinunue nakala iliyotumika. Ofisi ya dayosisi, au umoja wa makanisa unaotuma maelfu kila mwezi, inapata faida. Kanisa la familia 250 halipati. Kama kompyuta ya ofisi ni Mac, ulizeni kabla ya kulipa.

Nafasi ya nne: kupanga kwa mkono

Inawezekana, na kwa barua 220 za mji mmoja si vibaya. Mnazipanga kwa zip kodi, mnajaza taarifa kwenye Postal Wizard, ambayo ni bure kwenye tovuti ya USPS, na mnapeleka wenyewe. Mtakosa punguzo la ziada la msimbopau, na sharti la siku 95 liko pale pale.

Programu za waumini kama Planning Center, Breeze na PowerChurch sikuziweka kwenye mashindano haya. Ni nzuri kutunza majina na kutoa faili, lakini faili hiyo bado itahitaji moja ya njia hizo nne.

EDDM, ile ya kupeleka kipeperushi kila mlango bila majina, ni ya kuwaita majirani kwenye mkutano wa injili. Msiitumie kwa waumini.

Angalizo kwa mhasibu: taarifa ya sadaka za mwaka kwa ajili ya kodi haiendi kwa bei hii, kwa kuwa ina habari binafsi za mtoaji. Hiyo ni barua ya daraja la kwanza (First-Class), na punguzo lake huanzia barua 500. Tangazo la bima, kadi ya mkopo au safari ndani ya jarida la kanisa nalo linaweza kuwanyima bei ya punguzo, hata kama mwenye biashara ni mwanakwaya wenu.

Kabla ya kulipa popote, mpeni muuzaji orodha yenu halisi na mwombe ripoti ya awali: anwani ngapi ni sahihi, ngapi zimekosa namba ya apatimenti, wangapi wamehama. Mwulizeni pia kama bei yake inahesabu NCOA au mtadaiwa kando.