Klachi na flaiwili za Hilux ya zamani: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda na kukata kona, na ndiyo iliyonifundisha klachi. Hilux yangu ni ya miaka ya 90, dizeli, injini iitwayo 3L (ni jina, si lita) yenye cc 2779, gia za mkono. Siku klachi ilipokata roho nilikuwa napandisha mbolea. Nikikanyaga mafuta injini inalia, gari halisogei, na kabini imejaa ile harufu ya kuungua ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nilinunua klachi mpya ya jina linaloaminika, kwa bei iliyoniuma. Haikumaliza miezi mitano, gari likaanza kutetemeka kila ninapoondoka. Tulipoteremsha giaboksi kwa mara ya pili, fundi aliniita chini ya gari. Akapitisha ukucha wake taratibu juu ya uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake, ukucha ukanasa kwenye mkwaruzo. Pembeni kulikuwa na madoa ya bluu, kama chuma kilichotolewa kwenye moto wa mhunzi. "Dada, klachi haina kosa," akasema. "Tuliifunga juu ya chuma kilichoungua."

Ndiyo maana naanza na flaiwili, ingawa wengi wetu tukifika dukani tunauliza pleti tu, ile sahani ya klachi inayoshikana na flaiwili.

Lakini kabla ya kununua chochote, hakikisha klachi ndiyo mgonjwa. Gari likiwa mahali tambarare, vuta handibreki, weka gia ya nne, ongeza resi kidogo kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, pleti bado inashika. Ikiendelea kuunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza, au kama mafundi wanavyosema, inasilipu. Pima mara moja tu, maana kipimo chenyewe kinaiunguza. Kama shida yako ni gia kuingia kwa kugoma na pedali kuzama, kagua kwanza masta ya juu na masta ya chini, zile pampu mbili ndogo zinazopeleka nguvu ya pedali hadi kwenye klachi kwa mafuta ya breki. Nimeona watu wakiteremsha giaboksi nzima kumbe raba ya masta ya chini ndiyo iliyokuwa ikivujisha mafuta ya breki.

Flaiwili

Kwa gari lenye flaiwili ya chuma kizima, kama Hilux za 2L, 3L na 5L, chaguo langu la kwanza ni ileile iliyotoka na gari, ikaskimiwe, yaani uso wake ukatwe kidogo uwe sawa, kwa fundi mkereza mwenye mashine nzuri. Chuma cha Toyota cha miaka hiyo ni kizuri na kina unene wa kutosha kuondolewa kidogo. Fundi akate hadi mikwaruzo na madoa ya bluu yaishe, kisha apime kama inazunguka sawa. Toyota hukubali iyumbe si zaidi ya milimita 0.1. Kazi ya kusugua kwa msasa na grainda pale gereji usiikubali. Inang'arisha chuma, lakini uso unabaki na mabonde, na mabonde hayo ndiyo yanayoleta mtetemo. Na kama flaiwili ina ngazi, yaani sehemu inapokaa presha pleti (kile kifuniko chenye springi kinachobana pleti) imepishana kimo na sehemu inayosuguana na pleti, ngazi zote mbili zikatwe kwa kiasi kilekile. Ukikata moja tu, umebadilisha nguvu ya kubana ya klachi bila kujua.

Ikiwa na nyufa, hapo haina dawa. Vijistari vyepesi vya joto huondoka kwenye mashine, ila ufa unaobaki baada ya kukereza, au unaokimbilia kwenye tundu la boliti, usiufumbie macho. Kile ni chuma kizito kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu yako.

Chaguo la pili ni flaiwili ya mtumba kutoka Japani, ya injini ileile. Wengine watanishangaa kuiweka juu ya flaiwili mpya isiyo na jina, lakini chuma kizima hakizeeki kwa kukaa stoo, na hiki tayari kimeshathibitika kazini. Kagua meno ya pembeni yanayoshikwa na stata, kagua matundu ya boliti, kisha ipeleke ikaskimiwe vilevile. Mpya ya Toyota yenyewe, namba zake huanza na 13405, ni nzuri kuliko zote. Ukiweza bei yake usisite. Mpya ya boksi jeupe lisilosema imetoka wapi naiacha dukani.

Wenye magari ya baadaye wana kesi nyingine. Magari mengi ya dizeli, zikiwemo Navara D40 na baadhi ya Hilux Vigo zenye injini za D4D, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. LuK ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuizalisha kwa wingi mwaka 1985, ili kumeza mtikisiko wa injini usifike kwenye giaboksi. Ikichoka inagongagonga, hasa unapozima gari, na ukiishika kwa mkono inacheza kupita kiasi au inamwaga grisi. Hii haiskimiwi kama zile nyingine, na tafadhali asije mtu akakuchomelea vipande viwe kimoja. Ya mtumba pia siishauri, kwa sababu springi za ndani huwezi kujua zimetumika kiasi gani. Zinabaki njia mbili: kununua mpya ya LuK, Sachs au Valeo, ambayo mara nyingi inazidi bei ya klachi yenyewe, au kununua seti ya kubadilisha inayokuja na flaiwili ya chuma kizima na pleti yenye springi imara zaidi. Exedy wanatengeneza seti za namna hiyo. Kwa pikapu ya kazi iliyokwisha kula miaka, mimi ningechukua seti ya kubadilisha na kuvumilia mtikisiko kidogo wakati gari limesimama. Kwa gari la familia la safari ndefu, ningebaki na mfumo wa kiwandani.

Klachi yenyewe

Nunua seti: pleti, presha pleti na rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti unapokanyaga klachi. Kazi ya kuteremsha giaboksi ni ileile ukibadilisha kimoja au vyote.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni Aisin. Ni kampuni ya kundi la Toyota, na imetengeneza klachi nyingi zilizotoka na magari haya kiwandani. Boksi la Toyota lina bei kubwa zaidi. Aisin inakupa sehemu kubwa ya ubora ule kwa bei nafuu. Inayoifuata kwa karibu sana ni Exedy. Mafundi wa zamani bado wanaiita Daikin, na hawajakosea, kwani hilo ndilo lilikuwa jina la kampuni hadi 1995. Lakini ukikuta leo boksi linalong'aa limeandikwa Daikin na muuzaji anakuapia ni mzigo mpya, jiulize mara mbili.

Kwa gari la Ulaya mpangilio unageuka. Peugeot anza na Valeo, Volkswagen na Mercedes anza na Sachs au LuK.

Seti ngumu za mizigo zina mvuto wake, hasa kwa sisi wa milimani. Sizipendi kwa Hilux ya kawaida. Pedali inakuwa nzito, mguu unauma kwenye foleni, na mzigo ule wa ziada unabebwa na mkono wa klachi, masta na beringi. Chukua kama unavuta trela kila siku.

Nafasi ya tatu naipa klachi ya mtumba kutoka Japani, kwa sharti kwamba unaipima. Kina kutoka uso wa lainingi, ile ngozi ya msuguano ya pleti, hadi kichwa cha ribiti kikishuka hadi milimita 0.3, Toyota wanasema pleti imekwisha. Mimi siinunui kama kina hicho hakijafika angalau milimita 1. Rilizi beringi lakini iwe mpya, bila mjadala.

Chini kabisa naweka pleti iliyobandikwa lainingi upya. Ribiti mpya hazirudishi vibati vya springi vilivyochoka katikati ya lainingi, ndiyo maana gari huondoka kwa kuruka. Na lainingi kuukuu zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi la klachi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Kaunta ya duka

Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na pleti ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, hesabu meno ya katikati, linganisha na kimo cha beringi. Maneno "ya 3L hii" hayatoshi, kwa sababu injini moja imefungwa kwenye magari tofauti na giaboksi tofauti. Boksi la Toyota lina namba zinazoanza na 31250 kwa pleti, 31210 kwa presha pleti na 31230 kwa beringi.

Kisha fungua boksi. Laza presha pleti juu ya kaunta, inama macho yako yawe usawa wa vile vidole vya katikati: vyote viwe kimo kimoja. Tikisa pleti, springi zisicheze. Kagua alama iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, maana boksi linachapishwa popote. Muuzaji akikukataza kufungua, rudi nyumbani na pesa yako.

Palepale ongeza oil sili ya nyuma ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Ni vitu vya bei ndogo, ila tone la oili likifika kwenye lainingi mpya umerudi mwanzo.

Wakati wa kufunga, simama karibu. Uso wa flaiwili na wa presha pleti uoshwe mafuta ya stoo mpaka kitambaa kitoke kikavu. Upande wa pleti ulioandikwa "flywheel side" uelekee flaiwili. Boliti za presha pleti zikazwe kwa mkato, moja kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo, hadi niutoni-mita 19, kipimo cha Toyota kwa magari mengi ya aina hii. Bomba la kurefusha spana halihitajiki. Baada ya hapo zile kilomita 500 za kwanza nilizunguka bonde la Mombo na Korogwe na mizigo myepesi, mbolea ya Lushoto ikapandishwa na gari la kukodi.