Uzoefu wangu na pikipiki ya umeme ya kilowati 3: breki kwanza, betri baadaye

Muuzaji wa pikipiki za umeme ana wimbo mmoja: chaji moja inakwenda kilomita ngapi. Baada ya kilomita 9,000 juu ya chombo hiki, mimi nauliza kingine. Kikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na abiria nyuma, lami ikiwa na maji, kinasimama ndani ya mita ngapi? Jibu la swali hilo halimo kwenye kipeperushi chochote nilichopewa.

Chombo chenyewe kina mota ya kilowati 3 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) ya volti 72 na ampea-saa 40, breki za diski mbele na nyuma zenye CBS, yaani breki zilizounganishwa, na kasi ya mwisho ya 80 hivi. Jina la kampuni naliacha, maana mengi ya haya utayakuta kwenye karibu kila pikipiki ya daraja hili.

Tulimalize la masafa. Zidisha 72 kwa 40, unapata wati-saa 2,880. Toa akiba ambayo BMS, yaani ubongo wa betri, haikuruhusu kuigusa, zinabaki kama 2,500. Kwa mwendo wa 45 hadi 50 inakula wati-saa 35 kwa kilomita, kwa hiyo ni kilomita 70. Ukishikilia 70 kwa saa, ulaji unapita wati-saa 50 na masafa yanashuka chini ya kilomita 50. Zile 110 za kipeperushi zinapatikana kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, bila upepo, na mwendo wa kuchosha hata mwenye baiskeli.

Geji ya chaji nayo usiiamini sana. Volti ya LFP hubaki karibu palepale kwa sehemu kubwa ya safari, basi geji inabahatisha: inakuonyesha asilimia 30, dakika chache baadaye 12. Hapo ndipo betri inapogeuka kuwa suala la usalama. Chaji ikiwa ndogo, ukivuta resi kwa nguvu volti inaporomoka ghafla, BMS inakata umeme, na wewe uko ubavuni mwa lori unalolipita. Kwangu, chini ya asilimia 20 hakuna kupita gari. Mara moja kwa wiki naijaza hadi 100 na kuiacha kwenye chaja saa moja au mbili zaidi ili seli zilingane na geji ijipange upya.

Sasa breki. CBS maana yake ni kwamba ukibana mkono wa kushoto, breki ya nyuma inashika na ya mbele inasaidia kidogo. Inamfaa anayesahau breki ya mbele, na hao ni wengi. Lakini haizuii gurudumu kujifunga na kuburuta. Hiyo ni kazi ya ABS. Umoja wa Ulaya ulipoanza kudai ABS kwa modeli mpya za pikipiki mwaka 2016, daraja la chini, hadi cc 125 au kilowati 11, liliachiwa hiari: ABS au CBS. Mtengenezaji akipewa hiari ya namna hiyo, unajua atachagua ipi.

Nimeipima kwenye uwanja mtupu wa lami kavu: mstari wa chaki, breki inaanza pale tairi la mbele linapougusa, kisha futi ya kupimia. Kutoka 50, peke yangu, ni mita 17. Na abiria ni 20. Lami ikilowa, 25. Ongeza mita 14 unazokwenda katika ile sekunde moja ya kushtuka kabla vidole havijabana, na mita 17 zinakuwa 31. Ukiwa kwenye 70, sekunde hiyo peke yake inakula mita 19 na breki inataka nyingine 33. Anza jaribio na 30, panda taratibu, na bana kwa hatua mbili: kwanza kidogo, uzito uhamie mbele na shokapu ziiname, kisha kaza. Ukibana yote kwa mkupuo kabla uzito haujafika mbele, tairi la mbele linateleza na chini umekwenda.

Breki ya mota, ile inayorudisha umeme kwenye betri ukiachia resi, ni tamu na ina hila tatu. Betri ikiwa imejaa kabisa, BMS inakataa kupokea umeme, basi mteremko wa kwanza wa asubuhi chombo kinaserereka tofauti na ulivyokizoea jana jioni. Kama safari yako huanza na mteremko, chomoa chaja kwenye asilimia 90. Ya pili ni taa ya breki. Kwa magari, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka taa iwake pale mota inapopunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde mraba. Kwenye chombo hiki taa inafuata swichi za mikono ya breki tu, kwa hiyo napunguza mwendo na aliye nyuma haoni kitu. Dawa ni kugusa mkono wa breki kiasi cha kuwasha taa, kabla pedi hazijauma. Ya tatu, pedi zinakosa kazi na kuwa laini za kung'aa, na diski inaota kutu. Kila wiki naizima breki ya mota, napiga breki za nguvu mara 8 hadi 10 kutoka 40. Mafuta ya breki, DOT 4, nabadilisha kila miaka 2 hata kama kilomita ni chache, kwa sababu yanafyonza unyevu.

Mota kukaa ndani ya gurudumu kunaondoa mnyororo na kelele zake, ila kunaongeza zaidi ya kilo 10 ambazo shokapu haizibebi. Kwenye makorongo gurudumu la nyuma linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki. Achia breki kabla ya shimo, si ndani yake. Na siku ya pancha ya nyuma usimpe fundi wa haraka haraka. Kuna nyaya tatu nene (kwangu ni njano, kijani na buluu) na plagi moja nyembamba ya sensa. Piga picha kabla ya kuchomoa. Ekseli ina washa (pete ya chuma) maalumu yenye jino la kuizuia isizunguke. Fundi akiisahau au akiigeuza, mota inazungusha ekseli yake yenyewe na kunyonga nyaya pale zinapotokea. Kaza nati kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyosema, kisha ikague tena baada ya kilomita 100.

Kabla ya kulipia, simamisha chombo kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa juu, ufanye majaribio matatu. Vuta resi, ukiwa umeishikilia ndipo uwashe ufunguo: kontrola nzuri, yaani kisanduku kinachoiamuru mota, inakataa mpaka uachie. Bana breki kisha vuta resi: mota isizunguke. Shusha stendi ya pembeni, vuta resi: isizunguke pia. Pikipiki ya mafuta ikiwaka unaisikia. Hii imesimama kimya, na mtoto akigusa resi inaondoka naye. Chombo changu kilifaulu yote matatu, ila swichi ya stendi inaingia maji, na ikiingia maji inadhani stendi iko chini, inakata umeme ukiwa safarini. Nimeiziba kwa grisi ya silikoni, na kila baada ya kuosha nairudia.

Ukimya wenyewe ni hatari kwa waenda kwa miguu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inayotaka sauti ya kuonya hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa inahusu magari, si pikipiki. Zaidi ya hapo tairi zinajisemea zenyewe. Kwenye msongamano napita polepole, taa ya mbele ikiwaka hata mchana, honi fupi na mapema.

Ukizungumza juu ya kesho, watu wanataja rada. Ducati waliiweka mbele na nyuma ya Multistrada V4 mwishoni mwa 2020. Daraja letu litaingoja sana. Kinachoweza kutufaa mapema zaidi kiko kwenye gari la mwenzako: Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, ilianza 2023 kupima kama breki za dharura za magari zinamwona mtu wa pikipiki. Magari ya zamani bado yamejaa barabarani, kwa hiyo kwenye makutano mimi huhesabu kwamba sijaonekana. WHO, katika ripoti ya 2023, ilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, asilimia 21 vikiwa vya watu wa vyombo vya mota vya magurudumu mawili na matatu. Halafu kampuni inanipa programu ya simu ya kufungua chombo kwa mbali! Gharama yake ingeingia kwenye ABS ya gurudumu la mbele, hata ya mkondo mmoja tu.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne ingetoka kwa ABS hiyo, ya tano kwa swichi ya stendi isiyoingia maji.