Sestamibi au tetrofosmini? Neno la mpiga picha za moyo

Kazi yangu ya asubuhi huanza kwa kukama. Ng'ombe ni jenereta ya molibdenamu, maziwa ni teknetiamu-99m, elementi yenye mionzi ambayo kamera huiona, na ambayo kila saa 6 hubaki nusu. Peke yake haifiki kwenye misuli ya moyo, inahitaji mbebaji. Wabebaji niliowatumia miaka yote ni wawili.

Sestamibi huchemshwa. Kichupa hukaa kwenye maji yanayotokota dakika 10, halafu unangoja kipoe. Tetrofosmini unaichanganya, unaiacha robo saa kwenye joto la chumba, basi. Siku ya foleni ndefu, hilo tu lilitosha kunifanya niipende.

Ila ugomvi wangu na sestamibi hauko jikoni, uko kwenye ini. Dawa hii hutoka mwilini kupitia nyongo, kwa hiyo ini na utumbo huwaka kwenye picha, na ukuta wa chini wa moyo umekaa papo hapo juu yake. Nilikuwa na mzee mmoja asiyeweza kutembea kwenye mashine ya mazoezi, tukamdunga dawa ya kutanua mishipa ili damu ikimbie moyoni kama kwenye mazoezi. Nikangoja saa nzima. Utumbo uling'aa kuliko moyo! Nikamnywesha maji, nikamtembeza ukumbini, nikarudia. Mara ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, unapiga moyo au tumbo?" Tetrofosmini huondoka kwenye ini mapema zaidi, kwa wagonjwa kama yeye mara nyingi dakika 45 zinatosha.

Hapo ningesema imeshinda, kama kazi ingekuwa kupata picha safi tu. Lakini damu ikipita mara moja, misuli ya moyo hunasa takriban 65% ya sestamibi, na tetrofosmini kama 54%. Damu ikienda kasi, mnaso huo hauongezeki sambamba nayo, na mshipa uliobana kidogo huonekana sawa na mzima. Thaliamu-201, elementi nyingine yenye mionzi, hunaswa karibu 85%, lakini mionzi yake ni dhaifu, kifua kinene huimeza, na nusu-uhai wake, yaani muda wa kubaki nusu, ni saa 73, kwa hiyo dozi lazima iwe ndogo. Siirudii.

Kuna hali moja ambayo wabebaji wangu wote wawili wanaweza kudanganya: mishipa mikuu mitatu ikibana kwa kiwango kimoja, moyo mzima hufifia sawasawa na picha hupendeza. Mgonjwa ninayemshuku hivyo ningempeleka kwenye rubidiamu-82, nayo ni elementi yenye mionzi, bila kusita. Nusu-uhai wake ni sekunde 76, hutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi mshipani, na kamera ya PET, skana inayopima kiasi halisi cha mionzi mwilini, huhesabu mtiririko wenyewe wa damu, mililita ngapi kwa dakika kwa kila gramu ya misuli.

Kwa kazi ya kila siku, anayedungwa dawa badala ya kufanya mazoezi nampa tetrofosmini. Sestamibi nawawekea wanaoweza kukimbia: mazoezi huvuta damu kwenda miguuni, ini hupata kidogo, na dakika 20 baadaye ukuta wa chini unasomeka.