Pikapu mpya kwenye besi kuukuu: uzoefu wangu

Niseme mapema: nilinunua seti ya pikapu mbili, yaani vile vifaa vya sumaku na koili vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi, lakini iliyofungwa kwenye gitaa langu la besi hadi leo ni moja. Nyingine imo ndani ya boksi lake, nzima kabisa. Kwa hiyo anayetaka jibu la "badilisha" au "usibadilishe" kwangu hatalipata kwa neno moja.

Besi yenyewe ni ya mtindo wa Jazz Bass, ule ambao kampuni ya Fender iliutoa mwaka 1960: pikapu mbili zenye koili (waya uliozungushwa) moja moja, vitufe viwili vya voliyumu, kimoja cha toni. Si Fender halisi, ni nakala ya zamani. Shingo yake imenyooka na mkono wangu umeizoea, ndiyo maana wazo la kuiuza halikuwahi kuja. Tatizo lilikuwa sauti. Pikapu ya nyuma, ile ya upande wa daraja, nyuzi zinapoishia mwilini, ilikuwa imefifia, na ukiiacha ipige peke yake ungedhani mtu anaongea huku kafunikwa blanketi. Mara nyingine ilikata kabisa. Ukiigonga kwa kidole inarudi, dakika mbili baadaye inapotea tena. Na mvumo wa umeme haukuisha.

Wapigaji wenzangu karibu wote walisema ning'oe zote, niweke mpya. Labda. Ila pikapu ni kitu cha bei, na kati ya kidole chako na spika kuna vitu vingi vya bei nafuu vinavyoweza kuharibu sauti ileile. Nikaanza na hivyo.

Nyuzi kwanza. Nyuzi zilizochoka huua sauti ya juu hata kwenye besi nzuri kiasi gani. Wapo wanaozipenda hivyo, na siwalaumu. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, lebo ya muziki ya Marekani, alijulikana kwa kukaa na nyuzi zake bapa mwaka nenda mwaka rudi. Lakini kama unachotafuta ni sauti inayong'aa, ukasikilize pikapu kwa nyuzi zilizokufa, hukumu yako haitakuwa ya haki. Nilipofunga mpya, pikapu ya mbele ikazinduka. Ya nyuma ikabaki vilevile.

Kisha kimo. Hapa watu wengi hupita haraka, na mimi nadhani ndipo pikapu nyingi zisizo na hatia huhukumiwa. Bonyeza uzi kwenye freti (kipande cha chuma cha shingoni) ya mwisho, halafu pima nafasi iliyopo kati ya upande wa chini wa uzi na nguzo ya sumaku. Kwa pikapu za kawaida za namna hii Fender hupendekeza kama milimita 2.8 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Yangu ya nyuma ilikuwa imezama mbali chini. Nikaifungua: sponji iliyokuwa ikiisukuma juu ilikuwa imeoza, imegeuka unga mweusi unaonata vidoleni. Kumbuka pia kwamba karibu na daraja uzi hautikisiki kwa upana kama ulivyo karibu na shingo, kwa hiyo pikapu ya huko huanza ikiwa dhaifu hata kabla ya kuzama. Nikaweka sponji mpya, nikaipandisha. Sauti ikaongezeka, tena si kidogo. Tahadhari moja: usiisogeze mno, kwa sababu sumaku ikiwa karibu sana huuvuta uzi na noti zinaanza kuyumba.

Voliyumu na toni zilikuwa zinakwaruza, nikazipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zikatulia. Zilipimwa karibu na kilo-omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme), kama inavyotakiwa kwa pikapu za koili moja. Jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, nayo ilikuwa salama.

Lakini kukatakata hakukuisha. Ikabidi multimita, kifaa cha kupimia umeme, iamue.

Hili ni jaribio ambalo kila mwenye besi ya zamani anapaswa kulifanya kabla ya kutoa hela. Chomoa waya mmoja wa pikapu kwenye voliyumu kwanza, la sivyo utakuwa unapima pikapu na voliyumu kwa pamoja na namba itakudanganya. Pikapu za Jazz Bass kwa kawaida husoma kama kilo-omu 7 hadi 8. Ya mbele ilisoma 7.4, imetulia tuli. Ya nyuma iliruka hadi 9, ikashuka, kisha multimita ikaonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Nilipoigusa pembeni kwa mpini wa bisibisi, namba ikarudi. Waya wa koili una unene wa kama milimita 0.06 tu, unyevu ukiingia na kutu ikaanza kuula, hukatika bila alama yoyote ya nje. Fundi alijaribu kulehemu upya mwanzo na mwisho wa koili, haikusaidia. Ulikatikia ndani.

Hapo njia ni mbili: kuizungushia koili waya upya, au kununua. Kama besi yako ni ya asili na kila kilichomo ni cha kiwandani, mimi ningeizungushia upya bila kufikiri mara mbili, kwa sababu vifaa vya asili ndivyo vinavyobeba thamani ya chombo cha namna hiyo. Yangu ni nakala, haina heshima ya kulindwa. Nikanunua. Nilichukua seti badala ya moja kwa sababu pikapu za seti hutengenezwa zikijuana: moja huzungushiwa waya kinyume cha mwenzake na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo voliyumu zote mbili zikiwa wazi mvumo unafutana.

Pima kabla ya kuagiza. Kwa kipimo cha kawaida ya mbele ina urefu wa kama milimita 92 na ya nyuma 95, hazibadilishani nafasi. Nakala za zamani nyingine zina vipimo vyake zenyewe, na kuchonga mbao ili kuingiza pikapu ni kazi isiyorudi nyuma.

Seti niliyoipata ni ya sumaku za alniko 5 (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), ya mtindo wa zamani. Ilipofungwa yote, ya nyuma ilinifurahisha papo hapo. Inaongea. Kila noti ina mwanzo unaosikika, na kwenye noti za juu inaimba bila kukereketa. Zote mbili zikiwa wazi, mvumo ulitoweka kabisa, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye besi hii.

Ya mbele ndiyo iliyonipa taabu. Si kwamba ni mbaya. Ina nguvu zaidi ya ile kuukuu, safi zaidi, noti zimechambuka. Nikarekodi mstari uleule kwa pikapu ya mbele mpya na ile ya zamani, nyuzi zilezile, bila kugusa kitu kwenye amplifaya, kisha nikapunguza ile mpya ili zilingane kwa ukubwa. Hatua hii usiiruke, maana sikio hupenda kinachopiga kelele zaidi. Zilipolingana, ya zamani ilikuwa na unene fulani kwenye sauti za katikati za chini ambao mpya haina. Chini ya ngoma na kinanda, unene ule ndio unaokaa. Nikairudisha.

Sasa ndipo vituko vilipoanza. Kila pikapu ikiwa peke yake, safi. Fungua zote: sauti inakuwa nyembamba, uzito wote wa chini umekimbia, na mvumo ndio mkubwa kuliko wakati wowote. Pikapu mbili zisizo za ukoo mmoja zinaweza kugombana hivi, moja ikisukuma wakati mwenzake inavuta. Nikaleta dira ndogo juu ya nguzo. Kwa pikapu moja sindano ilivutwa, kwa nyingine ncha ileile ikasukumwa. Maana yake sumaku zimepishana lakini koili zimezungushwa upande mmoja. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja: uliokuwa wa moto, yaani unaobeba sauti, uende kwenye ardhi, wa ardhi uende kwenye voliyumu. Nikafanya hivyo kwa ile mpya. Unene ukarudi, na mvumo ukafutana tena. Kama dira ingeonyesha sumaku zinaelekea upande mmoja, kubadili nyaya kungerudisha sauti tu, mvumo ungebaki. Kwa hiyo anayetaka kuchanganya ya zamani na mpya, dira kwanza, chuma cha kulehemu baadaye.

Ukipunguza voliyumu moja hata kidogo, mvumo unaanza kurudi. Hiyo si kasoro ya seti, ndivyo koili moja ilivyo. Niliweka pia utepe wa shaba ndani ya mashimo. Umepunguza mikwaruzo ya umeme, lakini mvumo wa koili hauwezi kuuzuia, asikudanganye mtu. Usiyevumilia mvumo kabisa tafuta zile zenye koili mbili ndani ya umbo lilelile. Pikapu zenye betri kama za kampuni ya EMG nazo zimetulia sana, ila zinataka voliyumu za kilo-omu 25 na nafasi ya betri ya volti 9, yaani unabadilisha matumbo yote. Kwa besi hii sikuona sababu.

Alama zangu kwa seti hii ni 4 kati ya 5, hata kama nusu yake iko kwenye boksi. Hiyo moja nimeikata kwa sababu waya wa pikapu ya mbele haukufika kwenye voliyumu, ikabidi niuunge kwa kipande kingine katikati ya kazi. Kwa seti inayouzwa mahsusi kwa besi ya mtindo huu, hilo halina udhuru.