Jumamosi za wafanyabiashara wadogo Kirumba: nenda kwa ajili ya daftari

Mimi ni muuza dagaa. Mzigo nauchukua soko la samaki la Mwaloni, nachambua, napepeta mchanga wote utoke, nakaanga, natia viungo na kufunga pakiti za gramu 250. Kwa hiyo mkutano wa wafanyabiashara wadogo unaofanyika Kirumba, hapa Mwanza, Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, naupima kwa swali moja tu: je, pakiti zangu zimefika mahali ambako peke yangu nisingezifikisha? Zimefika. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana yanayonikera nitayasema pia, kwa sababu nautaka mkutano huu udumu.

Kwanza ya mezani. Tunakutana saa mbili asubuhi katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa, si mbali na uwanja wa CCM Kirumba. Kiingilio ni shilingi 5,000, unalipa mkononi au kwa lipa namba, na humo ndani umo chai ya maziwa, chapati mbili na yai la kuchemsha. Chapati zao ni laini, zinakuja zikiwa moto. Kuna meza ndefu ukutani ya kuweka bidhaa, na zamu ya meza hupangwa mapema ili kila mtu apate nafasi yake. Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea mageti, hufungua kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!", na ukumbi mzima unaitikia, hata sisi ambao si Wasukuma.

Kisha huja mzunguko wa dakika moja. Kila mtu anasimama, anataja jina, biashara yake na ombi moja. Kengele ikilia unakaa, hata kama wewe ni mwenyekiti. Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Mtu anasimama, anaeleza sabuni yake ina aloe vera na mwarobaini, bei zake ni nafuu, kisha anamaliza na "naomba mniunge mkono." Watu wanapiga makofi. Hakuna kinachotokea, kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini. Mtu wa pili anasema: "Natafuta anayemfahamu mwenye duka la vyakula karibu na stendi ya Nyegezi, kwa sababu abiria hupenda kubeba zawadi." Papo hapo vichwa vinageuka. Kuna anayemjua shemeji wa mwenye duka, kuna aliyewahi kumpakia mzigo. Ombi likiwa na mahali na mtu, watu wanajua pa kukushika mkono.

Sasa nije kwenye daftari, maana bila hilo mkutano huu ungekuwa kama mikutano mingine mingi niliyokunywa chai na kurudi nyumbani na kadi za watu mfukoni. Katibu wetu ni dada mwenye duka la vifaa vya ofisi. Anakaa mbele na daftari kubwa lenye jalada gumu, alilolichora safu nne: aliyeahidi, aliyeahidiwa, kitu gani, na hadi lini. Ukisema "mimi nitakuunganisha na fulani," anaandika. Mkutano unaofuata, kabla ya chai, anasoma ahadi zote moja baada ya nyingine. Uliyeahidi unasimama na kujibu "nimetimiza" au "bado." Maelezo hayaruhusiwi. Hakuna faini, hakuna kuzomewa. Lakini kusema "bado" mara mbili mfululizo mbele ya watu wazima wenzako, huku aliyeahidiwa akikutazama, si jambo dogo.

Hilo duka la Nyegezi nililipata hivyo hivyo. Ombi lilikuwa langu. Kaka anayesambaza mitungi ya gesi aliahidi kunipeleka. Daftari liliposomwa akasema "bado," na niliona hakupenda. Kabla ya mkutano uliofuata alinipigia simu mwenyewe, akanipakia kwenye pikipiki yake ya mizigo na boksi langu la sampuli, tukaenda. Mwenye duka alifungua pakiti, akaonja, akauliza zinakaa muda gani bila kuharibika, akachukua katoni mbili. Mpaka leo ananipigia zikipungua. Kaka yule hana hisa kwenye dagaa wangu, wala sikumlipa. Aliandikwa, akatimiza. Nami nikaandikwa kwa ajili ya mwingine, nikatimiza.

Wanaofuatilia mambo haya watatambua kwamba dakika moja na utaratibu wa kupelekana kwa wateja vinafanana na mtindo wa BNI, mtandao wa wafanyabiashara wanaotafutiana wateja, ulioanzishwa na Ivan Misner kule California mwaka 1985 na ambao sasa uko nchi nyingi. Lakini BNI ina kanuni ya kiti kimoja kwa kila fani: akiwepo mhasibu mmoja kwenye kikundi, wa pili atafute kikundi kingine. Viongozi wetu waliikataa kanuni hiyo, na naona waliamua vizuri. Tunao mafundi cherehani watatu. Msimu wa shule kufungua Januari, mmoja wao alipata oda ya sare kubwa kuliko uwezo wa vyerehani vyake. Angekuwa peke yake ukumbini angeikataa, au angechelewesha watoto wa watu. Waligawana: mmoja akakata vitambaa vyote ili vipimo visitofautiane, wawili wakashona, sweta wakampa mama wa mashine ya kufuma. Biashara ndogo za kwetu mara nyingi hazishindwi na jirani mwenye kazi ile ile. Zinashindwa na oda kubwa.

Nusu saa ya mwisho ni ya mafunzo, na ubora wake unapanda na kushuka. Siku bora niliyoihudhuria ilikuwa ya mhasibu, naye ni mwanachama wa kawaida tu, aliyesimama na kalamu na ubao. Alitueleza kodi ya makadirio, yaani ile ya mapato inayokadiriwa kwa mauzo ya mwaka, kwa jedwali lililoanza Julai 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu analipa shilingi 100,000, ilhali anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Akaandika mfano: mauzo milioni 5, kinachozidi ni milioni moja, kodi ni 30,000. Shilingi 70,000 zinabaki mfukoni kwa sababu ya daftari la mauzo. Ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakaanza kuulizana bei ya daftari. Siku nyingine mama mmoja wa siagi ya karanga alitupitisha njia yake yote: barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia ubora na usalama wa vyakula badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kisha msimbopau (barcode) unaoanza na 620, namba ya Tanzania. Alikuja na faili lake, akaruhusu tupige picha fomu. Kwa sisi wa vyakula, asubuhi ile ilikuwa na thamani kuliko semina za siku nzima.

Yanayonikera ni haya. Saa mbili iliyoandikwa ni saa mbili na nusu, wakati mwingine na dakika arobaini. Mama ntilie aliyemwachia mtu jiko lake na kinyozi aliyefunga kibanda asubuhi ya Jumamosi wanapoteza fedha kila dakika wanayosubiri. La pili ni wageni rasmi. Akija kiongozi wa kisiasa au ofisa mikopo wa benki, kengele inafichwa. Anaongea dakika ishirini, na kinachokatwa ni kusoma daftari. Mara mbili katika mkutano mmoja nilisikia neno "fursa" bila kuambiwa ni fursa ya nini, wapi, kwa masharti gani. Naomba viongozi wetu wasikie: mgeni apewe dakika ile ile moja, na yeye pia aandikwe ahadi yake. Akiahidi kutusaidia kufuatilia mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, arudi aseme "nimetimiza" au "bado."

La tatu linatuhusu sisi wa samaki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Jumamosi ya mkutano ikiangukia kwenye giza, mzigo unaingia Mwaloni alfajiri na sisi tuko huko tukigombea bei pamoja na wanunuzi wa kutoka Kongo na Burundi. Tuliomba kipindi cha jioni mara moja kwa mwezi, na bado tunasubiri jibu. Katika mji huu ambao ziwa ndilo linalolisha watu wengi, kalenda ya mkutano iutazame na mwezi wa angani.

Lakini viongozi hawa husikiliza, nalo ni la haki kulisema. Zamani tulikutana ghorofani. Fundi viatu mmoja anayetembelea magongo alisimama katika dakika yake na ombi lake likawa moja: ngazi. Katibu akaandika, akajaza jina la mwenyekiti kwenye safu ya aliyeahidi. Mkutano uliofuata ulikuwa chini.

Kundi la WhatsApp ni safi kuliko mengi ninayoyajua. Matangazo ni Jumatatu na Alhamisi tu, na anayeleta mpango wa "weka fedha, uvune mara mbili" anatolewa siku hiyo hiyo. Nchi iliyouona upatu wa DECI ukianguka na fedha za watu mwaka 2009 haina sababu ya kuwavumilia watu hao.

Nani aende? Mwenye kitu tayari cha kuuza, hata kidogo. Ukiwa bado na wazo tu utafurahia chai, ila daftari halitakusaidia sana, kwa sababu hakuna anayeweza kukupeleka kwa mteja bila sampuli. Nenda na bidhaa ya kuonjwa au kushikwa, namba yako iliyoandikwa kwenye karatasi ngumu, na ombi moja ulilolifikiria usiku uliotangulia. Usiende mara moja na kutoa hukumu, maana mara ya kwanza unasikia tu majina ya watu. Ni ahadi zako mwenyewe zikisomwa ndipo unajua mkutano huu ni wa namna gani. Anayekuja mara ya kwanza halipi kiingilio, analipa chai yake tu, shilingi 2,000. Pikipiki na bajaji zinaegeshwa upande wa nyuma, na ukiwa na mtoto mchanga kaa karibu na dirisha, upande wa mbele spika ina kelele.