Kingamwili ya sungura dhidi ya Listeria: inanasa vizuri, ila haichagui

Kwa mchujo wa kwanza wa jibini na maziwa, kuona kama yana bakteria wa Listeria, kingamwili hii ya polikloni (mchanganyiko wa kingamwili zinazoshika sehemu tofauti za bakteria) inafaa. Jina la kichupa lisikudanganye tu: inashika hata Listeria innocua, spishi ambayo kwa kawaida haidhuru mtu. Kishimo cha ELISA (kipimo cha kingamwili kinachoonyesha matokeo kwa rangi) kikigeuka rangi, thibitisha kwa PCR, kipimo cha DNA.

Jaribu kuizimua 1:500, 1:1,000 na 1:2,000. Chagua penye rangi kali huku kishimo kisicho na bakteria kikibaki cheupe. Msumbufu mkubwa ni bakteria Staphylococcus aureus: protini A yake hudaka kingamwili ya sungura kwa mkia, ukapata chanya ya uongo. Igawe kingamwili mikrolita 20 kila kichupa, igandishe -20°C, maana kuyeyusha na kugandisha tena huidhoofisha. Bafa yenye azidi ya sodiamu huizima HRP (kimeng'enya kinachotoa rangi), rangi isitoke.