Adapta za laptopu kuukuu: nilizojaribu na nilizobaki nazo

Laptopu nyingi za zamani zinazouzwa kwa jina la "mbovu" hazina ubovu wowote. Zimekosa adapta tu. Ninazo kadhaa za namna hiyo, zikiwemo ThinkPad T42, Toshiba Libretto na PowerBook G4, na kila moja nimelazimika kuitafutia umeme wake. Nimeshatumia adapta mpya za kampuni zisizojulikana, zile za "inafaa zote" zenye vichwa vya kubadilisha, orijino zilizotumika, na siku hizi kebo za USB-C zinazoshika nafasi ya adapta. Msimamo wangu nautoa mapema. Orijino iliyotumika, mradi imepimwa, inazishinda zote. Kebo ya USB-C inafuata, hasa kwa mashine za volti 20. Zilizobaki nazichukua nikikosa kabisa.

Kwanza lebo, kwa sababu hapo ndipo laptopu nyingi zinapounguzwa. Wauzaji hupanga adapta kwa jina la mashine, na jina la mashine halitoshi. ThinkPad T42 na T43 zinatumia volti 16. T60, iliyotoka mwaka 2006, ilihamia volti 20 na kupewa plagi nene zaidi yenye pini katikati, kwa hiyo angalau hizo mbili huwezi kuzichanganya. Lakini plagi ya zile za volti 16, yenye upana wa milimita 5.5 nje na 2.5 ndani, iko kila mahali: Panasonic Toughbook CF-29 inayo kwa volti 15.6, na laptopu nyingi za Asus zinayo kwa volti 19. Ukichukua adapta ya Asus itaingia kwenye T42 vizuri kabisa, bila hata kusukuma. Tangazo likiandika "kwa ThinkPad zote", mimi napita.

Ninachosoma kwenye lebo ni vitu vitatu. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hakuna dhara, maana laptopu huvuta kiasi inachohitaji, ila zikipungua adapta itapata moto au itajizima. Halafu ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za chanya na hasi: mara nyingi chanya huwa katikati, lakini kwa mashine za zamani sana sikubali kukisia. Muuzaji asiyetaka kutuma picha ya lebo inayosomeka, simnunulii.

Adapta mpya za bei ya chini zimenipa matokeo mchanganyiko. Niliyoipata kwa ajili ya T42 iliandikwa volti 16 na ampea 4.5, sawasawa na orijino, lakini ilikuwa nyepesi mno mkononi. Bila mzigo, yaani kabla ya kuichomeka kwenye laptopu, multimita (kipimo cha umeme) ilisoma volti 16 na kidogo. Nilipowasha laptopu na betri ikaanza kuchaji, volti zilishuka, adapta ikachemka kiasi cha kutoshikika, na kipanya cha kugusa kikaanza kurukaruka kwenye kioo. Huo ni umeme usiotulia. Niliirudisha. Nyingine, ya Libretto, volti 15, imefanya kazi vizuri mpaka leo, pengine kwa sababu Libretto haivuti umeme mwingi. Kwa mashine ndogo basi, zinaweza kukutosha. Kwa mashine inayovuta wati 70 na zaidi, usiamini namba iliyochapishwa kwenye plastiki.

Zile za "inafaa zote" nina neno moja tu juu yake: swichi. Ukiweza kubadilisha volti kwa kidole, basi na begi linaweza kuzibadilisha pia. Nimeiweka kwa ajili ya kujaribia mashine ambazo sijajua kama ni nzima, na kila mara naipima kabla ya kuchomeka.

USB-C ndiyo iliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Zipo kebo zenye USB-C upande mmoja na plagi ya laptopu ya zamani upande wa pili, na ndani yake kuna chipu ndogo inayoiomba chaja itoe volti fulani. Chaja za mfumo huo hutoa hatua maalumu: 5, 9, 15 na 20. Kwa T60 na wenzake, hatua ya 20 inalingana kabisa. Toshiba nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilikuwa za volti 15, nazo zinapata hatua yao. Chaja moja sasa inalisha laptopu iliyozaliwa kabla ya USB-C kubuniwa, pamoja na simu, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Ila soma vizuri kabla ya kununua. Kebo ya kawaida huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20 (wati ni volti mara ampea). Kupata ampea 5 kunahitaji kebo yenye chipu ndani yake ya kuitambulisha kwa chaja. Chaja nayo iwe na uwezo huo, kwani chaja ndogo isiyofika volti 20 itatoa volti za chini, na laptopu haitawaka. Mashine za volti 16 hazina hatua yao hapo. Zipo chaja zinazoweza kurekebisha volti kidogo kidogo, na chipu zinazojua kuomba 16, lakini ukibaki kwenye ampea 3 unapata wati 48, wakati T42 ilipewa adapta ya wati 72. Inaendesha mashine, kuchaji betri huku unafanya kazi nzito ni suala jingine. Na PowerBook G4, inayotaka volti 24.5, nayo haina hatua yake: hatua zilizoongezwa mwaka 2021 zinaanzia 28, na hiyo ni kuua mashine.

Ndiyo maana kwa PowerBook nilirudi kwenye orijino iliyotumika, ya wati 65. Kabla ya kuipa laptopu, huwa naitazama shingo ya waya pale inapoingia kwenye boksi na pale inapotokea kwenye plagi, maana ndipo nyuzi hukatika kwanza. Naiacha kwenye umeme peke yake kwa muda, nikisikiliza mlio na kunusa. Kapasita za zamani, vile vipande vya ndani vinavyotuliza umeme, hukauka, na adapta iliyolala kabatini miaka mingi inaweza kuonyesha volti safi bila mzigo, kisha ikalegea ukiibebesha kazi. Kwa hiyo naibebesha kwanza kizuizi kikubwa cha umeme (resista) kilichofungwa kwenye kipande cha bati: kwa adapta ya volti 16, kizuizi cha omu 8 kinavuta ampea 2, yaani wati 32, na hizo ni nyingi kiasi cha kuunguza kidole. Volti zikisimama palepale kwa robo saa, adapta hiyo ni mali.

Dell zinahitaji uangalifu wake. Zile zenye plagi nene na pini katikati hutumia pini hiyo kuitambua adapta kupitia chipu iliyo ndani ya adapta. Isipotambuliwa, laptopu inawaka lakini inakataa kuchaji betri, na inapunguza kasi yake. Waya wa pini hiyo ni mwembamba na hukatika mapema, hata kwenye orijino, hivyo betri inalaumiwa bure. Adapta ya HP ya umbo hilohilo itaingia, lakini utambulisho wake si wa Dell. Ukipata Dell isiyochaji, jaribu adapta nyingine yenye utambulisho sahihi kabla ya kuagiza betri mpya.